Maji Nyuzi 37, Kichakataji Nyuzi 87: Kisa cha Bloku Iliyoziba

Maji yalikuwa nyuzi 37, kichakataji nyuzi 87. Namba hizo mbili zilikaa jirani kwenye skrini ya kompyuta yetu ya gemu inayopozwa kwa maji, na mpwa wangu alikuwa ameikodolea macho ile ya pili.

"Mjomba, rejeta hazitoshi. Tuongeze ya tatu."

Mimi nilikuwa naitazama ile ya kwanza. Sikuwa na jibu bado, ila nilishajua kwamba rejeta hazina kosa. Kazi ya rejeta ni kuyanyang'anya maji joto na kulitupa hewani. Chumba kilikuwa na nyuzi 25. Maji yakibaki nyuzi 37 huku mashine ikiwa kwenye mzigo kamili, basi kazi hiyo inafanyika. Joto lilikuwa limekwama mahali fulani kabla halijayafikia maji.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wengi wanaojenga kompyuta ya gemu yenye kupozwa kwa maji hununua kila kitu, mpaka taa za rangi, wakaacha kihisi joto cha maji. Mambo yakiharibika wanabaki kubahatisha: leo feni, kesho pasti ya kupitisha joto la chipu, keshokutwa pampu mpya. Sisi tulikuwa na vihisi viwili, na bado tulibahatisha kwa wiki nzima kabla ya kuvisikiliza.

Mashine tuliijenga wenyewe nyumbani, miezi saba kabla ya siku hiyo. Kichakataji ni Ryzen 9 5900X, ambacho kikiachwa na mipangilio yake ya kawaida hula mpaka wati 142. Kadi ya grafiki ni RTX 3080, yenye wati 320. Ukijumlisha na pampu unapata takriban wati 480 za joto linalotakiwa kutoka kwenye kasha. Rejeta mbili za milimita 360, kila moja na feni tatu. Pampu ya aina ya D5 iliyofungwa chini ya tangi. Bloku mbili, yaani vipande vya shaba vinavyokaa juu ya chipu na kupitisha maji ndani yake: ya kichakataji ni shaba tupu yenye kifuniko cha akriliki, ya kadi inafunika ubao wote pamoja na kumbukumbu zake. Mipira ya PVC inayoonyesha ndani, ya kipenyo cha milimita 10 ndani na 16 nje. Maji yenyewe yalikuwa maji yaliyokenekwa, yenye dawa ya kuzuia kutu na mwani, bila rangi yoyote. Mzunguko ulikuwa hivi: pampu, kichakataji, kadi, rejeta ya juu, rejeta ya mbele, kisha tangi na pampu tena.

Kihisi kimoja tulikiweka mahali maji yanapotoka kwenye rejeta ya mwisho, kingine mahali yanapoingia kwenye rejeta ya kwanza. Ni vitu vidogo sana, skrubu yenye waya mbili, na ndani yake kuna kipingamizi cha omu 10,000 kwenye nyuzi 25 ambacho hupungua kadiri joto linavyopanda. Ubao mama wetu una sehemu mbili za kuvichomeka. Siku ya kwanza tuliviacha mashine ikiwa imezimwa usiku kucha, asubuhi tukasoma: kimoja kilisema 24.6, kingine 25.0. Maji ni yale yale, hayajasogea kwa saa kumi, kwa hiyo hizo nukta nne ni kosa la vihisi vyenyewe. Tukaziandika, na tangu hapo tunaziondoa kwenye kila kipimo. Bila hatua hiyo, yote ninayoyasimulia huko chini yasingekuwa na thamani.

Siku ya kwanza, baada ya dakika 40 za mzigo kamili, tulipata namba hizi: chumba 25, maji yanayotoka rejetani 36, kadi 49, kichakataji 70. Mpwa wangu aliziandika kwenye kadi ndogo ya karatasi akaibandika ndani ya mlango wa kasha. Wakati ule niliona ni mapambo tu. Baadaye ndiyo iliyotuokoa.

Sasa tutafsiri namba hizo, maana kisa chote kimo humo. Joto linapita madaraja mawili. La kwanza ni kutoka kwenye chipu hadi kwenye maji, kupitia pasti na shaba ya bloku. La pili ni kutoka kwenye maji hadi hewani, kupitia rejeta na feni. Kila daraja lina tofauti yake ya nyuzi. Siku ya kwanza, kichakataji kilikuwa juu ya maji kwa nyuzi 34, kadi kwa 13, na maji yalikuwa juu ya chumba kwa 11. Mtu asishangae kuona kichakataji chenye wati 142 kina tofauti kubwa kuliko kadi yenye wati 320. Joto la kichakataji linatoka kwenye vipande vidogo mno vya silikoni. La kadi limetandazwa kwenye chipu kubwa.

Miezi saba baadaye: chumba 25 (tulisubiri usiku kifike kiwango hicho hicho makusudi), maji 37, kadi 53, kichakataji 87. Daraja la maji na hewa lilikuwa 12, karibu sawa na mwanzo. Daraja la kichakataji na maji limeruka kutoka 34 hadi 50. Kikomo cha kichakataji hiki ni nyuzi 90. Kikifika hapo kinaanza kujipunguzia kasi chenyewe. Mpwa alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba gemu zinakwama kidogo kila feni zikipiga kelele.

Tulianza na pasti, kama kila mtu anavyoanza. Tukaing'oa bloku juu ya kichakataji, tukasafisha, tukapaka mpya, tukakaza skrubu nne kwa mtindo wa msalaba. Tulipata 86. Uzi mmoja, ambao unaweza kuwa wa pasti au wa bahati. Alama ya pasti ya zamani ilikuwa imesambaa vizuri kote, haijakauka. Nilipaswa kuamini macho yangu hapo hapo.

Kisha tukazipa feni zote kasi ya mwisho. Maji yakashuka hadi 34, na mpwa akafurahi kuona kichakataji kinashuka pia hadi 83.

"Umeona, mjomba? Tunahitaji hewa zaidi."

Nikamwambia atoe 34 kwenye 83. Tukarudi kwenye ile 49 tuliyokuwa nayo tangu pasti mpya. Maji yameshuka nyuzi tatu, kichakataji kimeyafuata nyuzi tatu, na pengo kati yao halijasogea hata kidogo. Hiyo ndiyo dalili niliyokuwa naitafuta. Ungeweka rejeta ya tatu, ya nne, hata ukaining'iniza nje ya dirisha, ungeyapoza maji tu na kichakataji kingeendelea kukaa nyuzi 49 juu yake. Ugonjwa ulikuwa kwenye daraja la kwanza. Pasti ikishaondolewa kwenye orodha, kinachobaki kwenye daraja hilo ni bloku yenyewe na maji yanayopita ndani yake.

Je, maji yanapita? Pampu ilikuwa inaonyesha mizunguko ile ile kwa dakika kama siku ya kwanza, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kasi ya pampu inakuambia injini inazunguka. Haikuambii maji yanakwenda wapi. Pampu ya aina hii ikizibwa njia, panga zake huendelea kuzunguka ndani ya maji yaliyosimama karibu kwa kasi ile ile, na skrini inaendelea kukuonyesha namba nzuri.

Hatukuwa na mita ya mtiririko, lakini vihisi viwili vinatosha kuukokotoa. Lita moja ya maji inahitaji takriban jouli 4,186 ili ipande uzi mmoja. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde, na saa ina sekunde 3,600. Ukigawanya 3,600 kwa 4,186 unapata 0.86. Kwa hiyo: chukua wati zinazoingia kwenye maji, zidisha kwa 0.86, gawanya kwa tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia rejetani na yanayotoka. Jibu ni lita kwa saa. Si kipimo cha maabara, kwa kuwa joto kidogo hutoka kwa njia nyingine, ila ukilinganisha mashine na yenyewe linatosha kabisa.

Siku ya kwanza tofauti ilikuwa nyuzi 2.0. Wati 480 mara 0.86, gawa kwa 2: lita 206 kwa saa. Sasa tofauti ilikuwa 4.3, yaani lita 96. Pampu ile ile, kasi ile ile, na zaidi ya nusu ya mtiririko imepotea.

Tukaipandisha pampu kutoka asilimia 60 hadi 100. Tofauti ikashuka hadi 3.0, yaani takriban lita 138, na kichakataji kikapoa nyuzi tatu. Pampu ilikuwa nzima, inasukuma. Kuna kitu kinaikaba mbele yake.

Nikiri hapa kwamba wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kutu ya metali mbili. Ukichanganya alumini na shaba kwenye maji mamoja, alumini huliwa na mabaki yake huzagaa kila mahali. Nilikagua kila kifaa upya. Rejeta zetu ni shaba na shaba ya manjano, bloku ni shaba, fitingi ni shaba ya manjano iliyopakwa nikeli. Hakuna alumini hata kipande. Hilo likaondoka.

Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua koki ya chini, maji yakatoka kwenye beseni jeupe. Kwa jicho yalikuwa safi. Tangi pia lilikuwa safi, na hapo nikaelewa kwa nini hatukushtuka mapema: tulikuwa tunalitazama tangi kila siku, na uchafu haukai tangini. Unakaa pale njia inapokuwa nyembamba kuliko zote.

Bloku ya kichakataji kwa nje ni kipande cha kawaida. Ukifungua kifuniko chake unakuta mapezi ya shaba yaliyopangwa kama meno ya kitana, nafasi kati ya pezi na pezi haifiki nusu milimita. Juu yake kuna kibati chembamba chenye ufa katikati, kinachoyaelekeza maji yashuke hapo katikati kisha yagawanyike pande mbili. Nilipoinua kibati hicho niliona mstari wa katikati, pale maji yanapogonga kwanza, umejaa kitu cha rangi ya kijivu kilichochanganyika na kijani. Nikawasha tochi ya simu upande mmoja wa mapezi na kutazama upande wa pili. Pembeni mwanga ulipenya kama kupitia chanuo. Katikati palikuwa giza, upana wa kama vidole viwili.

Nikachokoa kidogo kwa kijiti cha meno nikakisugua kati ya kidole na dole gumba. Kilikuwa laini, kinanata, kama nta ya mshumaa iliyopata joto la mkono. Ndani yake mlikuwa na punje nyeusi, ngumu, ndogo kuliko chembe ya mchanga.

Hizo ni hadithi mbili tofauti zilizokutana mahali pamoja. Nta ilitoka kwenye mipira. PVC kwa asili yake ni plastiki ngumu. Inakuwa mpira unaopindika kwa sababu imechanganywa na kilainishi. Kilainishi hicho hakijafungwa kwa nguvu kwenye plastiki. Maji ya vuguvugu yanayopita mchana na usiku hukivuta taratibu, nacho huenda kuganda kwenye mapezi. Mipira yetu ilikuwa imefifia ikawa kama kioo chenye ukungu. Hapo lazima niseme, ukungu peke yake si ushahidi, kwa sababu PVC pia hunyonya maji na kufifia bila kosa lolote. Tulikata kipande tukakiacha kikauke siku mbili: kiliangaza kidogo tu, na kilikuwa kigumu kuliko kipande kipya cha bunda lile lile tulichokuwa tumekitunza. Mpira ulikuwa umepoteza ulaini wake, na ulaini huo ulikuwa umeganda ndani ya bloku.

Punje nyeusi zilitoka kwenye rejeta, na hilo ni kosa langu. Rejeta huunganishwa kwa lehemu, na mabaki ya flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika) hubaki ndani. Kabla ya kufunga, kila rejeta inatakiwa ijazwe maji ya moto nusu, izibwe pande zote, itikiswe kwa nguvu, imwagwe, irudiwe, mpaka maji yatoke bila chembe hata moja, kisha isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa. Siku ya ujenzi nilisuuza ya juu mara nne. Ya mbele niliisuuza mara moja tu. Usiku ulikuwa umeingia na kijana alikuwa na hamu ya kuiona mashine ikiwaka. Punje pekee huenda zingepita, au zingekaa pembeni bila madhara. Nta pekee ingechukua muda mrefu zaidi. Zikiwa pamoja, punje zilishika nafasi kati ya mapezi, na nta ikazigandisha.

Hapo pia kuna jibu la swali ambalo watu hubishana sana, la mpangilio wa mzunguko. Kwa habari ya joto, mpangilio karibu hauna maana: kwa lita 206 kwa saa, maji yakipita kwenye kichakataji cha wati 142 yanapanda kama nusu uzi tu kabla ya kufika kwenye kadi. Lakini kwa habari ya uchafu, bloku ya kwanza baada ya rejeta na pampu ndiyo inayopokea kila kitu. Ndiyo maana ya kadi, tulipoifungua, ilikuwa na utando mwembamba tu. Zile nyuzi chache ilizopanda zilitokana hasa na maji kwenda polepole.

Kusafisha kulichukua jioni moja. Mswaki laini na sabuni ya vyombo viliondoa nta. Punje zilitoka kwa kuvuta uzi wa meno kati ya pezi na pezi, moja baada ya nyingine, kazi ambayo mpwa wangu aliifanya kwa subira iliyonishangaza. Kwa kuwa bloku ile ni shaba tupu, tuliitia kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa dakika kumi ili kuondoa weusi, tukasuuza mara nyingi. Ya kadi imepakwa nikeli, kwa hiyo haikuguswa na siki kabisa. Asidi inaweza kuushambulia upako huo. Na kifuniko cha akriliki tulikiosha kwa sabuni tu. Nilimzuia mkono mpwa alipoinua chupa ya spiriti, kwa sababu akriliki ikipata spiriti hupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo zikifika kwenye skrubu, bloku ndiyo imekwisha.

Rejeta ya mbele tukaisuuza kama inavyostahili. Mara sita. Mara ya pili bado zilitoka punje.

Mipira yote tukaitupa, tukaweka ya EPDM, mpira mweusi usioonyesha ndani. Haina uzuri wa ile ya kwanza na mpwa aliinung'unikia kwa siku mbili, lakini aina hii haihitaji kilainishi cha namna ya PVC, na kwa mashine inayotumika kila siku sioni sababu ya kuchagua kingine. Kila oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, tuliikagua kwa kidole kabla ya kuirudisha, na kile kibati chenye ufa tukakirudisha kwa mwelekeo wake ule ule. Kikigeuzwa, maji hayapiti katikati ya mapezi inavyotakiwa.

Kabla ya kutia maji tulijaza hewa kwenye mzunguko kwa pampu ya mkono yenye geji, shinikizo la nusu ya baa, tukaiacha dakika 30. Sindano haikusogea. Ndipo tukamimina maji tangini, huku pawa saplai ikiwa imechomolewa kwenye ubao mama na kwenye kadi, ikiilisha pampu peke yake. Ili iwake bila ubao mama, kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 unaunganisha pini ya 16, ambayo kwa kawaida ni waya wa kijani, na waya wowote mweusi. Tukawasha sekunde chache, tukazima, tukaongeza maji, tukawasha tena. D5 haitakiwi kuzunguka kavu hata kidogo, maana maji hayo hayo ndiyo yanayolainisha beringi yake. Kisha tukaliinamisha kasha huku na huku, mapovu yakatoka rejetani yakipiga kelele kama mtungi unaojazwa, mpaka kukawa kimya.

Usiku ule tulisubiri chumba kifike nyuzi 25. Dakika 40 za mzigo. Mpwa akatoa kalamu bila kuambiwa, akasimama mbele ya mlango wa kasha akiandika chini ya mstari wa siku ya kwanza: chumba 25, maji 36, tofauti ya vihisi 2.0, kadi 49, kichakataji 69.

"Mjomba, nitakuwa napima kila mwezi," akasema. "Na safari hii naanzia kwenye maji."

Kadi ile ya mlangoni sasa ina mistari kumi na miwili. Tofauti ya vihisi haijawahi kupita 2.1.